Walizikwa na Nembo Zao

Kabla lami haijafika Mapinga, nyuso zenye nembo zilikuwa jambo la kila siku kwenye barabara ya Bagamoyo. Ukishavuka Mto Mpiji unawakuta wazee wa Kimakonde: huyu anapalilia mikorosho ya watu, yule anafunga magunia ya mkaa, mwingine amekaa kwenye kigoda mbele ya geti la mtu wa mjini aliyenunua shamba na kuhitaji mlinzi. Mistari ya buluu iliyokoza, karibu iwe nyeusi, ilishuka kwenye paji la uso, ikapinda mashavuni na kukutana kidevuni. Kina bibi walikuwa na tundu kwenye mdomo wa juu, mahali ilipokuwa imekaa ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni. Sisi watoto tuliwaogopa kwa sababu wakubwa walituambia tuwaogope. Leo unaweza kutoka Bunju ukapita Mapinga na Kiharaka mpaka Kerege, usikutane na uso hata mmoja wa namna hiyo.

Si kwamba watu wameacha kuchorwa. Vijana wa huku wanachorwa kuliko zamani. Kondakta ana waridi shingoni, kijana wa bodaboda ana jina la mtoto wake mkononi, dada wa saluni ana kipepeo begani. Wamechorwa kwa mashine, kwa wino wa kichupa, na mchoro wenyewe wameuchagua kwenye simu. Kilichopotea ni ufundi mmoja wa kwetu, uliokuwa na mafundi wake, vifaa vyake na miiko yake, na ulipotea huku tukitazama. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kulieleza nikiwa kijiweni, ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Wengi wa wazee wale asili yao ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji. Watu wa pwani waliwaita Wamawia, na walilitamka neno hilo kwa hofu na dharau kwa pamoja. Walivuka kuja Tanganyika kufuata kazi ya mkonge, kizazi baada ya kizazi, wakatapakaa kwenye mashamba kuanzia Lindi hadi Tanga, na wengine wakaendelea mpaka Kwale, Kenya. Baadaye wakaja waliokimbia. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Miaka miwili baadaye chama cha ukombozi cha FRELIMO kikaundwa Dar es Salaam, na hapa kwetu Kaole, jirani na magofu, ikawekwa kambi ya wapigania uhuru hao. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wako waliorudi. Wako pia ambao walikuwa wameshaoa, wameshazaa, wameshapanda miembe. Hao ndio niliowakuta.

Mmoja alikuwa jirani yetu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa upande wa pili wa mikorosho, na mama alikuwa ananituma kwake kuchukua mboga ya kisamvu. Unapiga hodi, unampa shikamoo, anaitika marahaba kwa sauti ya chini, kisha anakukaribisha ukae mkekani kama mgeni mkubwa. Nilipokwisha kumzoea nilianza kumtazama vizuri. Katikati ya nyusi palikuwa na pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine, zote zikielekea chini, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa sawasawa kana kwamba zimepimwa kwa rula. Kila shavu lilikuwa na mistari iliyojikunja kufuata mfupa. Ngozi ilikuwa imeinuka kidogo kwenye kila mchanjo, ukipitisha kidole ungeihisi. Uso ulikuwa umekwisha kuzeeka na kukunjamana, lakini mistari ilikuwa bado inalingana kushoto na kulia. Mtu aliyeichanja alijua uso huo utafika uzeeni, akaupangia.

Ndonya alikuwa ameiacha zamani. Tundu lilibaki, na akinywa chai alilikinga kwa ncha ya khanga ili isimwagike. Alifanya hivyo kwa haraka na kwa aibu hasa kukiwa na wageni kutoka mjini. Kwa nembo hakuwahi kuona aibu.

Siku moja alinisimulia, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimakonde, namna alivyochanjwa. Alikuwa msichana mdogo, hajaolewa. Fundi aliitwa. Wanawake wakubwa walimlaza chini, mmoja akamshika kichwa, wengine mikono. Fundi alikuwa na kijisu chake, chipopo, chenye makali madogo. Alikata mistari, akafuta damu, kisha akasugua ndani ya michanjo masizi ya mbegu za mbarika zilizochomwa. Hayo masizi ndiyo yanayotoa ile buluu. Baada ya kupona alirudiwa, na baada ya kupona tena akarudiwa mara ya tatu, kwa sababu mchanjo mmoja hautoshi kukoleza rangi wala kuinua ngozi. Nilimuuliza kama alilia. Akasema, "Mjukuu wangu, nani hakulia? Lakini hukimbii." Yule fundi hakumtaja kwa jina. Alimwita fundi tu, kwa heshima, kama watu wanavyosema mwalimu au shehe.

Kwa Kimakonde nembo hizo ni dinembo, na mtu wa kazi hiyo ni mpundi wa dinembo. Ilikuwa kazi ya kufundishwa. Mpundi alijua kina cha kukata: ukizidisha unaleta kidonda, ukipunguza mistari inafutika. Alijua pia michoro na mahali pake. Usoni zilikwenda pembe na mistari ya msumeno. Kifuani, tumboni na mgongoni kulikuwa na nafasi ya mambo makubwa zaidi: mnazi uliotandaza makuti, buibui, mamba. Kwa wanawake, nembo za kuzunguka kitovu na za mapajani zilihusu ndoa na mvuto. Hazikuwa za kutazamwa na kila mtu. Mwanamume aliyechanjwa alionekana amethibitisha kuwa anaweza kuvumilia. Nembo zilikuwa kinga pia, na zilikuwa utambulisho. Ukimwona mtu njiani ulijua ni wa nani, na kama ulikuwa Mmakonde mwenzake ulijua zaidi ya hapo.

Niseme wazi kuwa sitamani watoto wa kike washikwe tena mikono na kukatwa nyuso. Msichana wa umri ule hakuulizwa kama anataka. Kijisu kilizunguka kutoka kwa mtu hadi mtu, na leo tunajua damu inabeba nini. Kuacha kuchanja watoto lilikuwa jambo jema. Lakini kuacha desturi ni jambo moja, na kumsahau fundi ni jambo jingine, na sisi tumeyafanya yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Sababu za kuachwa zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na hoja yake. Wamisionari walikuwa Masasi tangu 1876 na Ndanda tangu 1906, nao waliona kwenye michanjo hiyo ushenzi wa kuondolewa. Waislamu wa pwani walikuwa na katazo lao la kubadili umbo aliloliumba Mungu. Shule zilitaka watoto wafanane. FRELIMO ilitaka Msumbiji moja isiyo na makabila, na huwezi kusema kabila halipo wakati limeandikwa usoni. Kwa hiyo nembo ziliwekwa kwenye orodha ya mambo ya kuachwa, na vita vyenyewe vilivuruga vijiji ambako mafundi walifanya kazi. Upande wetu wa Ruvuma mambo yalikwenda vivyo hivyo chini ya siasa ya ujenzi wa taifa. Halafu kulikuwa na mji. Mmakonde mwenye nembo alipofika Dar es Salaam alichekwa, akapewa kazi ya ulinzi kwa sababu sura yake ilisemekana inatisha wezi. Mzazi aliyepitia hayo hakuwa na haja ya kuambiwa na serikali asimchanje mwanawe.

Na hapa ndipo ninapoona tulikosea kama taifa. Tulichukua sindimba ya Wamakonde tukaifanya ngoma ya wote. Kikundi cha taifa cha ngoma kiliicheza, watoto wa shule waliicheza kwenye sherehe, na mpaka leo ukienda TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hutashangaa kukuta inachezwa. Tulichukua vinyago tukavifanya zawadi ya kila mgeni wa heshima. Nembo tuliziacha zife na wenye nazo.

Linganisha na wachongaji. Katika miaka ya 1950 Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye duka la vinyago, alianza kununua kazi za Wamakonde na kuwapa mpingo. Mchongaji Samaki Likankoa akamletea kinyago cha shetani, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo mzima. Tunamjua Samaki. Tunamjua Roberto Jakobo Sangwani na minara ya watu waliobebana ambayo baadaye iliitwa ujamaa. Tunamjua George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, aliyeanza na mpingo akaishia na rangi, na kazi zake ziko katika mikusanyo ya Ulaya na Marekani. Hawa walikuwa watoto wa jamii ileile ya mpundi. Macho yaliyopanga mistari ya kinyago yalilelewa kwa kutazama mistari ya nyuso za mama zao. Tofauti ni kwamba kipande cha mti kinauzwa, kinapanda ndege, kinaandikiwa kadi yenye jina la aliyekichonga. Ngozi inabaki na mwenye nayo mpaka anapozikwa.

Kuna mahali pamoja ambapo nembo ziliponea, na ni kwenye mapiko, barakoa za ngoma ya Wamakonde. Ukipata nafasi ya kulishika lipiko moja la zamani, angalia mashavuni. Kwenye baadhi, mistari imechongwa ndani ya mti. Kwenye nyingine mchongaji alichukua nta ya nyuki, akaichanganya na rangi nyeusi, akaiviringisha iwe nyuzi nyembamba na kuibandika moja moja, ili mstari uinuke juu ya uso kama ulivyoinuka kwenye ngozi ya mtu. Kichwani kumepandikizwa nywele halisi. Upo pia ule mwili wa kike wa mti, wenye matiti na tumbo la mimba, ambao mchezaji wa kiume hujifunga kifuani; tumbo lake lina nembo za kuzunguka kitovu, zilezile ambazo maishani hazikuonyeshwa hadharani. Mchongaji wa lipiko alikuwa anamnakili mpundi. Kwangu mimi hizo ndizo kumbukumbu za maandishi za ufundi ule.

Hata hizo hatukuzitunza vizuri. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ilichukua hadi Mei 2010 kurudishwa, baada ya miaka ishirini ya kuandikiana na kusuluhishwa. Ilirudi, na nashukuru. Lakini ukitaka kuona nembo zilivyokuwa kwenye miili ya watu, bado utasafiri mbali. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Newala na Mikindani mwaka 1906 akipiga picha za watu na michanjo yao. Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walikaa na Wamakonde wa Mueda mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaandika mabuku na kupiga filamu. Kazi yao iko Lisbon. Picha za bibi zetu zina namba za kabati huko. Majina ya mafundi waliowachanja ni nadra kuyakuta.

Bibi yetu wa mikoroshoni alifariki kabla mabango ya viwanja hayajaanza kuota kando ya barabara. Mama alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alirudi jioni akakaa kimya, halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba miaka yote waliyokaa ujirani, akiazimana naye chumvi na kinu, hakujua kama tumboni mwake mna mnazi mzima uliochanjwa kwa ustadi, kuanzia kinenani hadi chini ya matiti, na kila kuti lina mishipa yake. "Kazi ile," alisema mama, "aliyeifanya alikuwa fundi." Wanawake wanne waliiona siku hiyo, kwa mara ya mwisho, wakaifunika kwa sanda.

Nimeukumbuka mnazi ule mara nyingi, na mara mojawapo ilikuwa mbele ya meza ya mitumba hapa hapa Mapinga. Kijana alikuwa anatingisha tisheti iliyochorwa chui milia, fuvu na maua, na juu yake limeandikwa jina Ed Hardy. Tisheti hizo zimejaa kwenye marobota yanayokuja huku. Wengi wanaozivaa hudhani ni jina la kiwanda. Kumbe ni jina la mchora tatuu, pengine anayejulikana kuliko wote duniani. Don Ed Hardy alizaliwa Marekani mwaka 1945, akakulia pwani ya California, na akiwa mtoto wa miaka kumi alikuwa anawachora wenzake wa mtaani kwa wanja na penseli za rangi. Alisomea sanaa ya uchapaji San Francisco, akakataa nafasi ya kuendelea Yale ili achore ngozi za watu. Alipata mwongozo wa mzee wa Honolulu aliyejulikana kama Sailor Jerry, na mwaka 1973 akaenda Gifu, Japani, kufanya kazi chini ya fundi Horihide. Mwaka uliofuata alifungua chumba chake San Francisco, Realistic Tattoo, ambako huingii bila miadi na mchoro unabuniwa kwa ajili yako peke yako. Biashara ya nguo ilikuja baadaye sana, ilipouzwa haki ya kutumia michoro yake. Mwaka 2008 aliweka mashine chini, na 2019 makumbusho ya de Young ya jiji lilelile yakafanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake.

Sehemu ya maisha yake inayonigusa kuliko zote ni uchapishaji. Tangu 1982 alikuwa anatoa majarida na vitabu ambamo alichapa michoro ya waliomtangulia, Sailor Jerry akiwamo, na kueleza nani alijifunza kwa nani. Alitoka katika kazi iliyodharauliwa, kazi ya mabaharia na wahuni wa bandarini, akaipa silsila. Wino wake wenyewe utazikwa na waliochorwa, kama ulivyozikwa mnazi wa bibi. Lakini mtu akiuliza nani alifanya nini, jibu lipo.

Mtu atasema, huyo ni Mmarekani, ana makumbusho na fedha. Basi tuende Ufilipino, kwenye kijiji cha Buscalan katika milima ya Kalinga. Huko yuko bibi anayeitwa Whang-Od. Anachora kwa mwiba wa mbalungi uliochomekwa kwenye kijiti, anauchovya kwenye masizi na maji, anaugonga kwa kijiti cha pili. Zamani alichora mashujaa wa kabila lake na wanawake waliotaka urembo. Mashujaa waliisha, wamisionari na shule walifika, wasichana wakaona aibu kuchorwa, na kazi ikakaribia kufa kwa sababu zilezile zilizoiua ya kwetu. Tofauti ni kwamba Wafilipino walishtuka yeye akiwa hai. Aliwafundisha wajukuu wa ndugu zake, maana kwa mila yao kazi hiyo hairithishwi nje ya damu. Wageni wakaanza kupanda mlima kwa miguu kwenda kuchorwa naye, watu wazima waliotaka wenyewe. Aprili 2023 jarida la Vogue la nchi hiyo liliweka uso wake kwenye jalada, akiwa na miaka 106. Hakuna mtoto aliyeshikwa mikono ili hayo yatokee.

Newala, Tandahimba, Mueda, na hapa Mapinga, tulikuwa na kina Whang-Od wetu. Walifariki wakiwa walinzi wa mageti na wauza mkaa.

Nina rafiki kijana mwenye chumba cha kuchora tatuu upande wa Bunju. Ni mahali pasafi: kiti cha kuegemea, taa nyeupe, glavu, sindano anazofungua mbele ya mteja na kuzitupa akimaliza. Mashine yake inalia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Ukutani na kwenye simu ana michoro ya kila aina: mazimwi ya Japani, misalaba, simba, maandishi ya Kichina ambayo hata yeye hayasomi, na mistari minene ya visiwa vya Pasifiki ambayo wateja wake huiomba sana kwa ajili ya mabega. Ya Kimakonde hakuwa nayo hata mmoja. Nikamwonyesha picha ya zamani ya mwanamke mwenye nembo za tumboni. Aliichukua simu, akaikuza kwa vidole, akakaa kimya kwa muda. Kisha akazungumza kama fundi anayeitazama kazi ya fundi mwenzake: tumbo ndiyo sehemu ngumu kuliko nyingi, ngozi yake ni laini, inacheza na pumzi, mstari mrefu hapo ni lazima uvute ngozi na ukate mteja anapotoa hewa. "Huyu alifanya kwa kisu," akasema. "Bila karatasi ya kunakilia. Na pande zote mbili zimelingana." Akaniuliza aliyefanya ni nani.

Kijana huyo ana maswali yake pia, na ni ya haki. Jeshi la Polisi likitangaza nafasi za kazi, sharti mojawapo kwa mwombaji ni asiwe na alama za kuchora mwilini. Wazazi wanamwambia anaharibu watoto wa watu. Wapo wanaodhani tatuu ni uhuni ulioletwa na video za Marekani, na wanayasema hayo wakiwa wamekaa chini ya miembe iliyopandwa na watu waliochanjwa kuanzia paji la uso hadi mapajani. Simtetei kila anayechorwa. Kuna michoro inayofanywa kwa pupa na kujutiwa kabla kidonda hakijapona. Ila atakayesema si utamaduni wetu, na aseme kwanza anamaanisha sisi gani.

Maana hata suala la "sisi" lilikuwa gumu kwa watu hao. Wamakonde wa Kwale, watoto na wajukuu wa manamba wa mkonge, waliishi Kenya kwa miongo mingi bila uraia. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi kudai watambuliwe, na serikali ikakubali. Wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo, na mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Babu zao walikuwa na kitambulisho usoni, kisichochakaa wala kupotea, na hakuna ofisi iliyokikubali.

Mapinga ya leo ni ya viwanja, mageti ya chuma, shule za bweni na magari ya abiria yanayokimbizana kwenda Bagamoyo. Mikorosho mingi imekatwa. Pale palipokuwa na nyumba ya bibi pana ukuta na bustani ya nyasi. Simlaumu aliyejenga, alinunua kihalali. Lakini kaburi lake sijui kama wenye kiwanja wanajua liko upande gani.

TaSUBa wako karibu, wana walimu wa uchongaji na uchoraji, na wana wanafunzi kutoka Mtwara na Lindi. Makumbusho ya Taifa wana mapiko kwenye kabati zao. Ningeomba taasisi hizi mbili zikae pamoja zinakili kila mstari uliobaki kwenye mti, zidai nakala za picha za Leipzig na filamu za Lisbon, na ziwape wachora tatuu wa Sinza, Kinondoni na Bunju kitabu cha nembo za kwetu ili kijana akitaka kuchora bega lake asilazimike kukopa Pasifiki. Hiyo ni kazi ya miaka na bajeti, na sitaki mtu aisubiri.

Wewe msomaji unaweza kufanya sehemu yako kwa simu uliyonayo. Kama kwenu yuko bibi au babu mwenye nembo, awe Newala, Mbagala au Bagamoyo, mwombe ruhusa umpige picha, ya uso peke yake kama hataki zaidi. Muulize mambo matatu: alichanjiwa wapi, mchoro ule unaitwaje kwa Kimakonde, na fundi wake aliitwa nani. Hilo la tatu usiliache. Akisema "fundi tu", muulize alikuwa mtoto wa nani na alitoka kijiji gani. Andika majibu pamoja na picha na umpe nakala mtu mwingine wa ukoo. Fanya hivyo mwaka huu. Msichana aliyechanjwa Mueda mwaka 1960 akiwa na miaka 12, leo anakaribia 80.